Namna ya kusoma alama za bastola ya gumegume kabla hujaiguza na msasa

Kama umepata bastola ya gumegume (ile ya zamani inayowashwa na cheche za jiwe) kwa sanduku la guka Nakuru ama huku kwetu Kisumu, tafadhali usiipeleke jua kali ipigwe grainda ndio ing'ae, manake alama ikishasuguliwa hairudi na ndiyo ingekwambia silaha ni ya nani.

Kwanza hakikisha haina kitu ndani. Ingiza kijiti mdomoni mwa mtutu kikome, ukiweke alama, ukitoe ukilaze nje ya mtutu, kama hakifiki karibu na katundu ka moto (kale ka nyuma ya mtutu kanakopitisha moto kwa baruti) basi kuna risasi ama baruti, na baruti nyeusi hata ya miaka 200 inalipuka, so iache hapo hapo uite polisi. Hata kama ni tupu, ulizia polisi mambo ya kibali kabla uitembeze.

Sasa zima taa, washa tochi ya simu na uilaze kando kabisa ya ile sahani ya chuma inayoshika jogoo, yaani ile nyundo inayouma jiwe. Herufi zilizolika zitatokea kama kivuli, piga picha. Taji na GR (Georgius Rex, yaani Mfalme George) chini yake ni jeshi la Uingereza, lakini usikimbilie mwaka, kina George walikuwa wanne, 1714 mpaka 1830. Angalia mkia wa sahani: jina la fundi pamoja na mwaka, mara nyingi ni kabla ya 1764, TOWER (ghala la silaha la Mnara wa London) peke yake ni baadaye. Simba amesimama kwa miguu ya nyuma ni Kampuni ya East India, ile ya biashara ya Waingereza huko India. Kamshale kadogo ni mali ya serikali ya Uingereza, na vishale viwili vikiangaliana ncha kwa ncha, hiyo serikali yenyewe iliiuza, mimi hiyo ndio napenda kuliko zote. Ukiona Manufacture Impériale na jina kama Charleville ama Saint-Étienne, ni ya Ufaransa wakati wa Napoleon.

TOWER pekee usiiamini, India wametengeneza kopi nyingi sana za watalii zenye hilo neno. Pima mtutu: ile ya wapanda farasi ya 1802 ni inchi 9 na mdeki wake (kijiti cha kushindilia risasi) umefungwa kwa bawaba chini ya mtutu, ya wanamaji inafika inchi 12 na mara nyingi iko na ndoano ya mshipi ubavuni. Alama na umbo zikikataana, iko na shida.