Somo: Hampi kwa siku moja, ukitokea Bengaluru

Wakuu mnaosoma Bengaluru, Hampi ni magofu ya Vijayanagara, makao makuu ya dola iliyotawala kusini mwa India tangu 1336. Mwaka 1565 jeshi lake lilishindwa vita vya Talikota, mji ukaporwa.

Hatua ya 1. Panda treni ya usiku, ushuke Hosapete. Hadi Hampi ni kama kilomita 13. Bajaji zipo, patana bei kabla hujakaa.

Hatua ya 2. Anza na hekalu la Vittala, asubuhi mapema. Wengi huliacha la mwisho, wakafika mawe yameshachemka. Hapo ndipo lilipo gari la mawe lenye magurudumu. Toa noti ya rupia 50 yenye picha yake ulilinganishe. Nguzo za ndani hutoa sauti ukizigonga, ila siku hizi ni marufuku kuzigusa.

Hatua ya 3. USITUPE TIKETI YA VITTALA. Hiyohiyo, siku hiyohiyo, inakuingiza Zenana, yaani ua wa wanawake wa kifalme, kwenye jumba la Lotus Mahal na mabanda ya tembo. Mimi niliitupa, nikalipa tena bei ya mgeni, na bei ya mgeni inauma. Mabanda ni vyumba 11 kwenye mstari mmoja, vingi vina kuba kama za msikiti. Tazama vizuri hizo kuba: wafalme walikuwa Wahindu na waliwapiga vita masultani wa jirani, lakini ujenzi wao waliupenda.

Hatua ya 4. Alasiri nenda hekalu la Virupaksha. Hili si gofu, watu wanasali humo hadi leo, kwa hiyo vua viatu. Ulizia chumba cha giza kilicho nyuma. Mwanga hupenya kitundu, na mnara wa langoni unaonekana ukutani kichwa chini miguu juu. Ni ileile kamera ya kiboksi ya somo la fizikia.

MASWALI

Mkuu, mwezi gani unafaa?
Novemba hadi Februari. Aprili utaiva.

Nyama inapatikana?
Karibu na hekalu hakuna, wala bia. Ni eneo takatifu. Subiri urudi Hosapete.

Baiskeli inatosha?
Kama una miguu, ndiyo. Ila Vittala na Zenana zimeachana kilomita kadhaa, na beba maji.

Eti kuna nyani wasumbufu?
Wapo. Ndizi kaa nayo ndani ya begi, zipu ifungwe.