Kabla dogo hajashika upawa: mambo ya kuweka sawa kwa mafundi wa sufuria

Mafundi wenzangu wa Kigoma, najua dogo akiletwa na mzazi wake asubuhi anataka jioni awe ameshamimina sufuria, ila kwangu mimi siku za mwanzo hagusi moto kabisa. Anajifunza kwanza habari za maji, maana ninachokiogopa kwenye kuyeyusha alumini kuliko moto wenyewe ni maji. Tone dogo likizama kwenye alumini iliyoyeyuka linageuka mvuke hapohapo, na mvuke unataka nafasi kama mara 1,600 ya yale maji, sasa utapitia wapi kama sio kuirusha alumini usoni kwa mtu?

Mwaka juzi mvua za mwezi wa 11 zimeanza, kijana wangu mmoja akausahau upawa nje usiku kucha, asubuhi kaufuta na shati ukaonekana mkavu, kuuchovya tu ukalia paa! Alumini ikaruka mpaka kwenye bati, na yeye ana kovu shingoni hadi leo, na kosa lilikuwa langu sikumfundisha. Siku hizi upawa unakaa kwanza pembeni ya tanuri mpaka upate moto, na skrepa, yaani alumini chakavu ya kuyeyusha, hivyohivyo, makopo ya soda yaliyominywa yana kinywaji ndani hujui, kwa hiyo yapasue, yaanike, yapashe moto ndo yaingie. Kitu chochote kilichoziba hakiingii.

Mchanga wa kutengenezea kalibu, yaani umbo tunalomiminia alumini, ukitoka ziwani usiutumie hivyohivyo. Ukamate kwenye ngumi, ufungue mkono: ukishikana bila kulowesha kiganja poa, ukiacha majimaji rudisha juani. Halafu toboa kalibu kwa spoki ya baiskeli ili mvuke upate pa kutokea. Chini unapomiminia mwaga mchanga mkavu, sakafu ya zege inaficha unyevu na inaweza kupasuka ikarusha vipande.

Lingine ambalo dogo halijui mpaka umwambie, alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 na mchana haiwi nyekundu kama chuma, iwe imepoa au ya moto inaonekana fedha ileile, kwa hiyo kila kilichotoka kwenye kalibu tunakihesabu cha moto.

Nguo: jezi za mpira marufuku, zinayeyuka zikaganda kwenye ngozi. Pamba nzito, buti za ngozi, suruali ishuke juu ya buti usiichomekee ndani, miwani na glavu.

Ndoo za maji safi ziwepo, ila mbali na tanuri. Mtu akiungua mmwagie maji ya kawaida dakika 20, vueni pete na nguo isiyogandia, dawa ya meno na mafuta msipake, kisha kituo cha afya. Na nauli ya bodaboda mimi naiweka kwenye kopo pale mlangoni kabla hatujawasha mkaa, kila kijana anajua ilipo.