Jinsi ya Kuuza Dagaa Bila Kupunja, kwa Anayejua Tayari Kuwa Kupunja ni Dhambi

Hapa Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki Mwanza, sijakutana na muuzaji asiyejua kwamba kupunja ni dhambi. Mwamshe usiku wa manane atakutajia na aya. Ila asubuhi mteja akisimama mbele yake, mkono unafanya yake. Kwa hiyo mdogo wangu, mahubiri sina. Nitakuonyesha jinsi ya kuufunga mkono huo mapema, maana mteja akishafika na noti yake umechelewa.

Anza na kipimo, tena jioni, huna mteja. Kopo la bati likiwa limegongwa kitako kikapanda ndani, liuze chuma chakavu leo leo. Sado ya plastiki iliyochomwa moto ikasinyaa, itupe. Usiweke chochote "cha akiba", kwa sababu hicho ndicho kitakachotumika siku biashara ikiwa mbaya. Mzani nao ukahakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka.

Kisha, pima kopo likiwa mezani. Ukilishika mkononi, vidole vinne vinaingia ndani eti kulishikilia, na nafasi ya vidole vinne ni dagaa wa kutosha mboga ya mtoto. Likiwa mezani huna cha kushikilia, na mteja anaona kila kitu.

Mchanga ndio unaotushinda wengi, kwa kuwa tuna jibu tayari: "Si mimi niliyeutia." Kweli, dagaa walioanikwa chini huja nao kutoka visiwani. Lakini ukiujua ukauuza, umeuuza wewe. Chekecha jioni, kisha mchanga ulioanguka upime kwenye mzani wako uone ulikuwa unataka kulipwa kiasi gani kwa mchanga. Ukipata waliokaushwa kwenye vichanja, chukua hao hata kama bei imezidi kidogo.

Kwa wateja wa magunia, hasa wanaosafirisha hadi Kongo na Burundi, shida ni unyevu. Masika jua likigoma, gunia bichi linakuwa na uzito mtamu hapa, na ukungu likifika huko. Usipime kwa dagaa wa juu. Ingiza mkono katikati, toa mmoja, mvunje. Mkavu hukatika kwa mlio. Akikunjika, mwaga gunia lote, anika upya, hata kama lori linapiga honi. Ile hila ya kupanga wazuri juu na vunjavunja chini, hiyo nadhani unaijua, iache.

Kuna siku za hatari zaidi, nazo zinakuja kila mwezi: mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mzigo unaadimika na bei ya jumla inapanda. Hapo wengi wanaona aibu kupandisha bei, wanapunguza kipimo kimyakimya ili wasikike wanauza ileile. Pandisha bei. Itangaze kwa sauti, wakulalamikie usoni. Mimi lawama ya bei naivumilia, inaisha giza likirudi.

Ukiwa na kijana wa kukuuzia, mlipe posho inayoeleweka. Ukimwambia "niletee hesabu yangu, kinachozidi chako," umemtuma apunje, hata kama hujatamka neno hilo. Halafu jioni unapokea hela ukiwa na mikono misafi! Hapana. Kila kilichozidi kimetoka kwenye sado ya mama fulani.

Mwisho, jirani. Atauza kwa bei ya chini kuliko yako kwa kopo lake lile lile, na wateja watakuuliza mbona kwako ghali. Usimseme. Weka mzani mahali pa wazi, mwambie mteja akanunue sado moja kule, moja kwako, aje azipime zote mbili mwenyewe.