Mzamiaji Akiugua Baada ya Kutoka Majini: Jinsi ya Kumfikisha Kwenye Chemba ya Mgandamizo

Nimeandika haya kwa ajili ya manahodha, wasimamizi wa uzamiaji na wavuvi wanaozamia kwa mitungi kwenye pwani yetu, kuanzia Watamu na Diani hadi Pemba, Mnemba na Mafia. Mimi ni mwalimu wa uzamiaji, si daktari. Ninachoeleza ni kazi ya yule aliye kwenye boti na mgonjwa mbele yake, kwa sababu anachokifanya katika nusu saa ya kwanza kinaweza kuamua kama mwenzake atatembea tena.

Watu wengi huanzia mwisho. Mtu akilalamika ganzi, wenzake huulizana iko wapi chemba, yaani chumba cha kufungwa ambamo mgonjwa huwekwa chini ya mgandamizo na kuvuta oksijeni, wanampakia garini na kuondoka. Chemba ni jambo la tatu. La kwanza ni oksijeni. La pili ni kumpigia simu daktari wa magonjwa ya uzamiaji, na huyo ndiye atakayekusaidia kupata chemba inayofanya kazi siku hiyo.

Hatua ya 1: Kubali kwamba anaumwa

Mtu akiwa chini, naitrojeni iliyomo kwenye hewa anayovuta huyeyuka mwilini mwake. Akikaa sana au akipanda kwa kasi, naitrojeni hiyo hutoka kama vipovu ndani ya damu na nyama. Dalili zake ni maumivu ya bega, kiwiko au goti yasiyo na sababu, ngozi kuwasha na kuota mabaka, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, ganzi, miguu kulegea na kushindwa kukojoa. Hiyo ya mkojo watu huona haya kuitaja, kwa hiyo muulize wewe. Ni ishara kwamba uti wa mgongo umeguswa.

Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa sita baada ya kuibuka, ingawa nyingine huchelewa hadi siku ya pili. Aliyezimia ndani ya dakika kumi tangu aibuke, mchukulie kama mtu ambaye hewa imepasua mapafu yake na kuingia kwenye mishipa ya damu. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Pwani kwetu mtu akitoka baharini miguu imekufa ganzi, huenda ikasemwa kapigwa na upepo au kakumbwa na shetani. Usibishane na familia yake. Dua isomwe njiani, garini, barakoa ya oksijeni ikiwa usoni pake. Lakini kukanda kwa mafuta kataa kabisa kwa adabu: mafuta yakigusa vali ya mtungi wa oksijeni yanaweza kuwaka moto.

Hatua ya 2: Oksijeni, na iwe oksijeni kweli

Hapa ndipo ninapoomba usomwe kwa makini. Mtungi wa kuzamia, ambao watu wengi huuita mtungi wa oksijeni, una hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, yenye oksijeni asilimia 21 tu. Kumwekea mgonjwa kidhibiti cha mtungi huo mdomoni si tiba. Unahitaji mtungi wa oksijeni ya hospitali na barakoa yenye mfuko, ukifungulia lita 15 kwa dakika.

Piga hesabu kabla hujang'oa nanga. Zidisha ujazo wa mtungi kwa shinikizo lake: mtungi wa lita 5 wenye bari 200 una lita 1,000 za oksijeni. Kwa lita 15 kwa dakika, utaisha kwa dakika 66 hivi. Wa lita 10 utakupa saa mbili na dakika chache. Sasa jumlisha muda wa boti hadi ufukweni, muda wa kusubiri maji yajae kama wewe ni wa Matemwe au Utende na maji yamekupwa, na muda wa gari hadi hospitali. Ikiwa hesabu haitoshi, nunua mtungi wa pili. Usipunguze mtiririko ili oksijeni idumu. Mpe yote kwa nguvu mpaka iishe, kisha endelea na safari.

Mlaze chali, bapa, kichwa kisishushwe chini ya mwili. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Kama hapumui, anza kumfufua mara moja. Akiwa na fahamu na hatapiki, mpe maji kidogo kidogo. Usimrudishe chini ya maji eti vipovu viyeyuke tena. Mgonjwa anaweza kuzimia huko chini na akafa maji.

Akipata nafuu kwa oksijeni, safari haijaahirishwa. Dalili zikitulia hazijaponyeshwa, na mara nyingine hurudi zikiwa kali zaidi.

Hatua ya 3: Piga simu

Simu ya kwanza iende kwa huduma ya dharura au hospitali iliyo karibu. Inayofuata iende DAN, shirika la usalama wa wazamiaji lililoanzishwa Marekani mwaka 1980. Namba yao ya dharura ni +1 919 684 9111, hupokelewa usiku na mchana, na aliye na bima yao na asiye nayo wote husikilizwa. Wao huzungumza na daktari wako, hushauri, na husaidia kutafuta chemba.

Kabla ya kupiga, andika kwenye karatasi au hata nyuma ya mkono:

"Mwanamume, miaka 34. Leo amezama mara mbili. Mara ya pili mita 28, dakika 41, akapanda kwa kasi. Ametoka majini saa 11:20. Saa 11:50 ganzi mguu wa kulia. Saa 12:00 tumempa oksijeni. Sasa hawezi kusimama. Hajakojoa tangu asubuhi."

Angalia hizo saa. Saa 11:20 hapo ni ile unayoisoma kwenye kompyuta ya kuzamia, kile kifaa cha mkononi kinachoonyesha kina na muda, yaani saa tano na dakika ishirini asubuhi kwetu. Ukimtajia daktari wa ng'ambo "saa tano" atakosea kwa saa sita nzima, na muda kati ya kuibuka na dalili ndicho kitu cha kwanza anachokitafuta. Taja saa za kompyuta.

Kompyuta yenyewe mfungie mgonjwa mkononi isafiri naye.

Hatua ya 4: Hospitali kwanza, kisha chemba

Unguja, chemba ambayo wazamiaji wameijua kwa miaka ni ya Matemwe. Kenya, chemba iko Mombasa, chini ya Jeshi la Majini. Lakini kuwepo kwa chemba hakumaanishi kwamba leo ina daktari, fundi na oksijeni ya kutosha, na geti la kambi ya jeshi halifunguki kwa mgeni aliyekuja bila taarifa. Kwa hiyo usimpeleke mgonjwa mlangoni moja kwa moja. Hospitalini atapewa oksijeni zaidi, watapima kama si moyo, kiharusi au pafu lililopasuka, na daktari atazungumza na chemba kabla hamjaondoka.

Kama unaendesha kituo cha uzamiaji, piga simu kwenye chemba yako mwanzoni mwa kila msimu, wa kusi na wa kaskazi. Uliza inafanya kazi? Nani anapokea usiku? Malipo yanadhaminiwaje? Gharama hufika maelfu ya dola, na kuhangaikia barua ya bima saa nane za usiku kunakula muda wa mgonjwa.

Hatua ya 5: Chagua njia isiyopanda juu

Kadiri mgonjwa anavyopanda juu, ndivyo vipovu vinavyotanuka. Ndege ndogo za Pemba na Mafia hazina mgandamizo ndani. Rubani akubali kuruka chini ya mita 300, na hali ya hewa imruhusu; la sivyo zungumzeni na daktari juu ya boti: kutoka Pemba hadi Unguja, au kutoka Mafia hadi Nyamisati kisha barabara. Na kwa walio Kenya, msikimbilie Nairobi kwa kuwa ina hospitali kubwa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na gari au treni vinampandisha mgonjwa vilevile kama ndege.

Hatua ya 6: Ndani ya chemba

Mwambie mgonjwa na familia yake kitakachotokea, maana hofu ya kufungiwa ndani huwafanya wengine wakatae. Matibabu ya kawaida hufuata jedwali la 6 la Jeshi la Majini la Marekani, yaani ratiba ya mgandamizo na muda wake: chemba hushindiliwa hadi mgandamizo sawa na wa kina cha mita 18 majini, mgonjwa anavuta oksijeni kwa vipindi, anapumzishwa kwa hewa ya kawaida, kisha anashushiwa mgandamizo taratibu. Yote huchukua saa 4 na dakika 45, na mara nyingi hurudiwa siku zinazofuata. Viberiti, simu na mafuta ya mwilini huachwa nje.

Hata zikiwa zimepita siku mbili tatu, mpeleke. Chemba imewasaidia watu waliofika wamechelewa.

Na yule aliyezama naye, akapanda naye kwa kasi ileile, asiachwe ufukweni akikunja vifaa. Mpime naye, muulize maswali yaleyale, na asilale peke yake usiku huo.