Mshahara kwanza, keki ya bethidei baadaye

Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam: mafundi kumi na mmoja, wasaidizi watatu. Miaka ya mwanzo nilikuwa bosi wa "sisi ni familia". Mshahara ukichelewa, sisi ni familia, vumilieni. Mteja akitaka kabati Jumatatu, sisi ni familia, Jumapili tunaingia. Siku moja fundi wa vanishi, mtu mzima, akaniambia taratibu: "Bosi, familia yangu iko Mbagala, na inataka kula." Nikaliacha hilo neno.

Kwa hiyo kuwajali wafanyakazi anza na tarehe ya mshahara. Yangu ni 28. Mteja akilipa advansi, fungu la mishahara linatoka kwanza na kwenda akaunti yake, kabla sijanunua hata ubao mmoja wa mninga. Mwezi ukielekea kuwa mbaya, waambie tarehe 20. Usisubiri tarehe 28 jioni ukazima simu (nilishawahi).

Kisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Ukimkata usipeleke, umemwibia, basi. Mimi nabandika uthibitisho wa malipo ukutani, karibu na ndoo ya maji ya kunywa. Mwanzoni hakuna aliyeusoma. Mwezi wa tatu nikachelewa kuubandika, wakaniuliza watu wanne.

Ovataimu sheria imeshaipanga: saa 45 kwa wiki, zinazozidi unalipa mara moja na nusu. Anayekataa Jumapili simnunii. Msibani sheria inatoa siku 4 za malipo, lakini fundi wa Kigoma anamaliza mbili barabarani, hivyo naongeza tatu.

Kigumu kuliko vyote ni kuwasikia. Ukiitisha kikao ukaanza kuzungumza wewe, utaondoka na "sawa bosi" kumi na nne. Kwetu mdogo hamsemi mkubwa mbele za watu. Nikageuza: msaidizi mdogo kabisa anaanza, mimi wa mwisho, na siruhusiwi kujibu palepale. Ndipo nikajua kinga ya msumeno wa mashine ilikuwa imefunguliwa miezi kadhaa kwa sababu inachelewesha kazi, na aliyekuwa akipiga kelele za haraka ni mimi. Kijana mmoja alikuwa ameshapoteza ncha ya kidole, nami nilimlaumu kwa uzembe. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Haikuwa rahisi.

Tangu siku hiyo yeyote anaweza kuzima mashine, hata msaidizi wa wiki ya kwanza, na maswali yanakuja mashine ikiwa imeshasimama. Usimkate mshahara kwa muda uliopotea, la sivyo hatazima tena.

Keki za bethidei zilianza mwaka wa nne. Fundi wa vanishi hazitaki, anasema apewe hela yake ya keki. Nampa.