Kutengeneza Reksini Iliyopasuka kwenye Mlango wa Gari la Zamani

Magari mengi ya zamani yanayoletwa kwangu hapa Malindi huwa na kasoro moja. Ngozi bandia ya vinili, ambayo sisi mafundi huiita reksini, imekauka na kupasuka pale mtu anapoegemeza kiwiko, na upande wa chini imebanduka kwenye ubao wa ndani ya mlango. Mwenye gari huuliza kwanza habari ya gundi, nami huuliza kwanza habari ya ubao, kwa sababu reksini nzuri iliyobandikwa juu ya ubao mbovu haimalizi msimu wa kusi.

Vinili kwa asili ni plastiki ngumu, na ulaini wake hutokana na viambato vya kulainisha vilivyochanganywa nayo kiwandani. Jua na joto la gari lililofungwa vioo huviondoa viambato hivyo kidogo kidogo mpaka reksini ikasinyaa na kupasuka. Adui wa pili ni maji. Mvua inayopiga kioo huteremka ndani ya mlango na kutokea matundu ya chini, na kinachoukinga ubao ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati. Nailoni ikichanika, hadibodi, yaani ubao huo wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, hunywa maji, huvimba, na gundi huachia.

Anza kwa kutoa paneli, yaani ubao huo pamoja na reksini yake. Funga kioo hadi juu na ukumbuke mkono wa kukizungushia umeelekea wapi. Katika magari mengi ya Kijapani ya zamani, mkono huo hushikwa na klipu ya waya iliyopindwa, ambayo haionekani kwa urahisi. Pitisha utepe wa kitambaa nyuma ya mkono, kisha uuvute huku na huku kama anayesugua kiatu, hadi klipu itoke, na uikinge kwa kiganja kwa kuwa huruka. Fungua skurubu za kishikio, kisha ubandue paneli kwa kipande chembamba cha mbao ukikiingiza karibu kabisa na kila klipu ya ukingoni. Anayebandua mbali na klipu huiacha klipu mlangoni na kupasua hadibodi, nayo ndiyo hasara ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Ubao uliovimba uanike kivulini, ukiwa umelala sawasawa, hadi ukauke kabisa. Sehemu zilizolegea zinyweshe gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, kisha uzibane kati ya mbao mbili zilizofunikwa nailoni usiku kucha. Ukiwa umeoza, uchore juu ya hadibodi mpya ya milimita 3, ukate, na uupake vanishi pande zote na ndani ya matundu. Nailoni ya mlangoni nayo ibadilishe, na ukingo wake wa chini uuingize ndani ya mlango, ili maji yarudi kwenye matundu yake. Zibua matundu hayo, kisha mwagia kioo maji kwa nje na utazame kabla ya kuendelea.

Sasa ndipo uushughulikie mpasuko. Osha reksini kwa maji ya sabuni, ikaushe, kisha uipanguse kwa spiriti ili kuondoa mafuta ya kung'arishia. Usitumie petroli wala thina, kwani huondoa ulaini uliobaki. Kata kipande cha kitambaa cha amerikani kinachozidi mpasuko kwa sentimita 2 kila upande, ukiingize chini yake kwa kibano, na ukibandike kwa gundi ya vinili inayobaki laini ikikauka. Gundi ya papo hapo huwa ngumu kama kioo, na reksini hupasuka tena pembeni yake. Ufa unaobaki juu ujaze kwa lihamu laini ya vinili, yaani dawa ya kuzibia nyufa, tabaka jembamba moja baada ya jingine, kila moja likikauka kabla ya jingine. Ukiujaza kwa mara moja, utabonyea. Maliza kwa rangi ya vinili iliyopakwa kwa wepesi mara kadhaa. Rangi ya viatu huhamia kwenye nguo za abiria, kwa hiyo mimi siikubali hata mteja akiiomba.

Kingo zilizobanduka huhitaji gundi ya mafundi viatu. Pasha reksini moto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ilainike, paka gundi pande zote mbili, na usubiri hadi isinate kidoleni. Hapo ndipo uivute kuanzia katikati, uikunje nyuma ya ubao, na uibane kwa vibanio vya nguo. Wakati wa masika fanya kazi hii kati ya saa tano na saa tisa mchana, kwani unyevu wa asubuhi huweka ukungu juu ya gundi nayo haishiki. Fanyia mahali penye hewa, mbali na moto.

Unaporudisha paneli, weka klipu mpya za plastiki, kwa maana zile za chuma huliwa na hewa ya chumvi. Klipu ya mkono wa kioo itangulize ndani ya mkono wenyewe, kisha uusukume kwenye mhimili wake kwa kiganja hadi usikie umeingia. Egesha gari kivulini siku nzima, na mtu asiegemeze kiwiko juu ya rangi hadi kesho yake.