Kabla Hujalipia Pikapu ya Datsun 1200

Datsun 1200 pikapu ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1971, ikiitwa Sunny Truck, na kule ikaendelea hadi mwaka 1994. Nchini Afrika Kusini iliendelea kutoka kiwandani Rosslyn, karibu na Pretoria, kwa jina la Nissan 1400, mpaka mwaka 2008. Mtu anayetaka kuinunua leo Tanzania aanze na habari hiyo, kwa sababu inagusa mfuko wake moja kwa moja: umbo ni la miaka ya sabini, lakini vifaa vingi vya injini, breki na klachi viliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye. Kinachokosekana sokoni ni bodi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila anayeniuliza ni kwamba atafute bodi nzima na karatasi safi, na injini iliyochoka isimtie hofu.

Hilux ya zamani imekalia chasisi yake. Ukitaka unafungua bolti na kuinyanyua bodi. Datsun 1200 imejengwa kwa namna nyingine. Kabini, sakafu na bodi ya mzigo vimechomelewa pamoja, na uimara wake umo kwenye mabati hayohayo. Kutu ikishaila mihimili ya chini, gari linaanza kupinda taratibu: milango inagoma kufunga, tairi zinaliwa upande mmoja, na hakuna rangi mpya itakayoponya hilo.

Nenda na sumaku ndogo uliyoizungushia kitambaa laini usije ukakwaruza rangi ya mtu. Ipitishe chini ya milango, kwenye madigadi na kwenye kona za bodi. Pale isiponata, chini ya rangi kuna puti, ile lipu ya kuzibia bati lililoharibika. Kipande cha ukubwa wa kiganja si ajabu kwa gari la umri huu, lakini ukikuta nusu ya mlango ni puti, kuna kinachofichwa. Kisha omba ruhusa ya kuinua mazulia, bonyeza sakafu kwa bisibisi pale dereva anapoweka miguu, na utazame chini ya kioo cha mbele, ambako majani huziba njia za maji, maji yakalala humo miaka na miaka. Fungua boneti ukague sehemu shokapu za mbele zinapoungana na bodi. Ufa au welding mpya hapo ni sababu tosha ya kuaga.

Nyuma, lala chini. Pikapu hii ilikusudiwa kubeba kama kilo 500, yaani mifuko 10 ya saruji, na kwetu nyingi zimebeba zaidi ya hapo kila siku ya maisha yake. Kama majani ya springi yameongezwa, mwenye gari alikuwa akizidisha mzigo. Angalia vishikio vya springi vinapoungana na bodi, pande zote mbili, kwa tochi. Gari lililokaa Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam limekula hewa ya chumvi, hivyo ukisikia kuna moja Dodoma, Singida au Iringa, nauli ya kwenda kuliona ni pesa iliyotumika vizuri.

Karatasi zina matatizo yake. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini. Ifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, halafu ilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu, ukiwa na kadi yenyewe mkononi. Picha ya WhatsApp haitoshi. Namba ya injini nayo ina lake la kusema. Ikianza na A12, ni injini ya cc 1171. A14 ni ya cc 1397. Nyingi zimebadilishwa injini, na hilo halina ubaya, ila kadi ikionyesha injini nyingine muuzaji alisahihishe TRA kabla ya wewe kutoa hata shilingi.

Tatizo kubwa zaidi ni jina. Magari haya yamepita mikono mingi kwa mikataba ya kuandikishana tu, na mara kwa mara jina lililo kwenye kadi ni la marehemu. Hapo anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hana mamlaka hayo kwa sababu tu ndiye anayeliendesha. Dalali akikuambia hilo ni dogo, mtamalizana baadaye, mwombe barua ya usimamizi kwanza. Na gari ambalo bado lina namba za zamani za TZ, lisilowahi kuhamia kwenye namba za T, liulizie TRA kabla hata hujapanda basi.

Kwenye injini, fundi wako atakusaidia kuliko mimi, lakini fika asubuhi na umwambie mwenye gari asiiwashe. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, amekwisha kuipasha, na injini baridi ndiyo inayosema kweli. Moshi wa bluu unaonyesha kuwa oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto hutia shaka kwenye gaskiti ya hedi, na hiyo ni habari nzito kwa A12: bloku yake ni ya chuma, silinda hedi ni ya aluminiamu, na joto likizidi hedi inapinda. Fungua kifuniko cha oili. Uji mweupe ndani yake ni dalili ya maji kuchanganyika na oili. Uliza pia kama themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, ipo, maana mafundi wetu wengi huitoa. Mlio wa kukwaruza mbele ya injini mara nyingi ni cheni iliyolegea. Yote haya yana tiba. Pata makadirio ya fundi, yapunguze kwenye bei, ukiridhika nunua.

Breki za matoleo ya mwanzo ni dramu magurudumu yote manne, kwa hiyo zijaribu ukiwa mteremkoni, taratibu. Papo hapo achia mafuta ukiwa gia ya pili. Gia ikiruka, gia boksi imechoka. Tairi ni za inchi 12, na shukrani kwa Kirikuu zilizojaa mijini, hazitakusumbua kupata.

Spea ziulizie kabla ya kununua. Pita Shauri Moyo au Gerezani, Dar es Salaam, ukiwa na orodha fupi: gaskiti ya hedi, masta silinda ya breki, wota pampu, sahani ya klachi. Vikikosekana, Afrika Kusini ndiko kwenye akiba, na wanaosafirisha mizigo kupitia Tunduma wanaweza kukuletea. Vioo, shoo (grili ya mbele), taa na raba za milango ndivyo vitakavyokutesa, hivyo pikapu isiyo navyo iache hata kama bei inavutia. Ukifikiria kuagiza Japani, ingiza kwanza taarifa za gari kwenye kikokotoo cha TRA, kwa sababu ushuru wa uchakavu hupandisha gharama.

Tenga fungu la matengenezo la wiki ya kwanza, ambalo hutaligusa wakati wa kupatana bei. Litumie kwenye mafuta ya breki na mipira yake, mkanda wa feni, mipira ya redieta na oili. Tangulia na mipira ya petroli: ikizeeka hupasuka, petroli ikadondokea injini yenye moto, na gari huwaka ukiwa ndani. Ibadilishe yote siku ileile unayokabidhiwa funguo, na mtungi wa kuzimia moto ukae nyuma ya kiti kabla hujaanza safari ya kulirudisha nyumbani.